Picha ya Mama Ukutani

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa kazini.

Unakumbuka mama alivyozidiwa, nikamtumia bosi picha yake kitandani ili amwombee? Nilimtumia yeye peke yake.

Leo wafadhili wamekuja kituoni. Unajua hali ilivyo, mwaka huu wengi wamejitoa, na wazee tunaowalea wanashindia uji. Nikawa napita na trei ya chai. Kuinua macho, mama yangu yuko ukutani, picha kubwa kama mlango.

Bosi anasema, "Huyu bibi tulimwokota. Ametelekezwa, hana mtu."

Hana mtu. Na mimi nimesimama pale pale.

Watu wakafuta machozi, wakaahidi kuchangia. Nikamvuta bosi pembeni. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, picha ile imeokoa hata kazi yako."

Mwanangu, eti.

Nikarudi mbele nikawaambia, "Huyo ni mama yangu. Asubuhi nimemwogesha mwenyewe."

Bosi akacheka, akasema nimechoka.

Kazi najua imekwisha. Kinachoniumiza ni kwamba jioni mama ataniuliza kama bosi bado anamwombea.