Queenie na Kanuni ya Saba

Jumatano, 1 Desemba

Theluji mpaka magotini. Chupa za maji za fereti, vinyama vyangu vya kuwindia sungura, zimeganda. Nimeziyeyusha jikoni, nimezirudisha bandani zikiwa zimevishwa soksi zangu za sufu. Mke wangu Doreen ameziona. Kanuna — alinifumia yeye mwenyewe, Krismasi iliyopita. Nimemwambia miguu yangu ina akili, itajitafutia joto, chupa haina.

Fereti wote watatu wazima. Wamejichimbia kwenye mabua makavu ya shayiri, pua tu ndizo zinazoonekana. Hata Queenie, ajuza wa miaka saba, aliyepukutika manyoya ya mkia. Mwembamba kama nguchiro, lakini sungura wa bonde zima wanamjua.

Baridi haimuui fereti. Babu alisema, baba alisema, na mimi nikaiandika kwenye katiba ya chama chetu cha wafuga fereti kwa mkono wangu. Kanuni ya Saba: fereti hukaa nje mwaka mzima, atakayemwingiza nyumbani si mwanachama tena.

Mwezi uliopita imempata mtu wa kwanza. Bi Hebden, mjane wa mtaa wa juu. Kakutwa na fereti wake wawili chumba cha kufulia, wamelala juu ya taulo. Taulo! Kikao cha mwisho cha kumfukuza ni Jumapili tarehe 12, na mwenyekiti ni mimi. Namhurumia, lakini sheria ni msumeno.

Alhamisi, 2 Desemba

Nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.

Banda langu ni la kupigiwa mfano: miguu mirefu, mgongo kwa upepo wa kaskazini, zulia kuukuu juu ya paa. Lumb, katibu wetu, kapita, kalitazama huku ameinamisha kichwa, kasema upenyo ule wa juu unaingiza upepo. Nani kamuuliza? Lakini neno limenikaa. Mchana nimelifunika banda lote kwa nailoni, nikagonga misumari pande nne. Sasa hapiti hata mbu.

Doreen kauliza watapumuaje. Nikamwambia nimefuga fereti miaka hamsini, yeye kafuga nini? Akasema kanifuga mimi, na mmoja anamtosha.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimeng'oa nailoni. Ndani maji yanatiririka kama kwenye mfuniko wa sufuria. Mabua chepechepe. Harufu ya mkojo imenitoa machozi. Madume wawili, Scrap na Nobby, wametoka mbio kunivamia suruali, hawana neno. Queenie anakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu anayeona haya kusumbua wenzake.

Nimebadilisha mabua. Upenyo nimeuacha wazi. Leo siandiki zaidi.

Jumapili, 5 Desemba

Queenie hajagusa nyama. Nimempa yai bichi, kalilamba mara mbili, nadhani kwa kunistahi. Anatetemeka.

Alikuwa wa kaka yangu, Stanley. Siku zake za mwisho hospitalini Stanley hakuuliza habari za mkewe wala za nyumba. Aliuliza nani kamlisha Queenie. Nikamshika mkono nikamwambia nitamlisha mimi, mpaka mwisho wake.

Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimemtuma Doreen kwa Bi Hebden. Hakuna mwingine hapa anayejua magonjwa yao kama yeye, na hilo linaniuma. Si kwa jina langu, lakini! Aseme ni fereti wa binamu yake wa Leeds.

Majibu: banda lilizibwa. Kinachoua ni unyevu, baridi inasingiziwa; mabua makavu, na hewa ipite juu. Mgonjwa aingizwe ndani leo hii. Na akishaingia asitoke mpaka machipuko, maana joto la nyumba litampukutisha manyoya ya baridi. Ukimrudisha nje umemzika.

Kisha Bi Hebden kamfungia Doreen kipande cha keki ya tangawizi, akamwambia: "Mwambie binamu yako asione haya. Na Queenie apone haraka."

Doreen anaapa hakutaja jina.

Jumanne, 7 Desemba

Queenie yuko kwenye kabati la mashuka, karibu na tangi la maji ya moto. Juu ya taulo.

Ni kwa muda tu. Kanuni ya Saba haisemi kitu juu ya wagonjwa. Stanley alitaka iseme. Nikamjibu kwamba tukifungua mlango huo watu wataingiza farasi. Wote walicheka siku ile, na mimi nilijiona mwenye hekima sana.

Doreen kapita na mashuka mkononi, hana pa kuyaweka. "Mkuki kwa nguruwe," kasema, akashuka ngazi.

Alhamisi, 9 Desemba

Kikohozi kimepungua! Kala sungura nusu. Kaiba soksi ya chupa, kaificha nyuma ya kochi. Nimekaa ngazini nikacheka peke yangu.

Lakini nikimpapasa, manyoya yanabaki viganjani. Basi ndiyo hivyo. Nje harudi.

Balaa jingine. Mabomba ya ukumbi wa chama yamepasuka kwa baridi. Lumb kapiga simu: kikao kifanyike kwangu. Nikamwambia kwangu kuna mafua. Akasema na kwake pia, na kwa Sykes mweka hazina pia, tena yamewaingia ghafla mno. Kwa mwenyekiti ni afadhali. Kakata simu kabla sijapata uongo wa pili.

Jumamosi, 11 Desemba

Nimetafuta pa kumficha kesho. Kabatini anakwaruza mlango, barabarani wanasikia. Bandani atakufa. Kwa jirani — jirani ni mdomo mtupu.

Mahali pekee anapotulia ni ndani ya sweta langu, juu ya kitambi. Nimefanya mazoezi: nimekaa, nimesimama, nimesoma ajenda. Doreen kanitazama kwa mbali, kasema tumbo linapumua upande mmoja.

Nimejaribu pia kuwaza nitakavyomwambia Bi Hebden kwamba kafukuzwa. Nimeishia kuikunja ajenda.

Jumapili, 12 Desemba

Naandika nikiwa chooni. Komeo nimefunga.

Wako sebuleni: Lumb, Sykes, Bi Hebden. Tulianza saa nane kamili. Doreen kawasha hita zote — makusudi, namjua — mpaka madirisha yanatoka jasho. Bi Hebden kavua koti lake, kalikunja magotini, kakaa wima. Mimi nina sweta na koti juu yake. Lumb hakuvua lake. Sykes hakuvua lake, na jasho linamdondoka kwenye kitabu cha chama.

Lumb kasimama kusoma Kanuni ya Saba. Mkono mmoja karatasi, mwingine kifuani, kama anayeapa. Alipofika "atakayemwingiza nyumbani," koti lake likapiga chafya.

Mdomo wake ulikuwa wazi bado. Nilimwona. Si yeye aliyepiga.

Sykes akakohoa upesi, akatazama dari, akaminya kwapa lake. Mimi, mwenyekiti, nikasema tuendelee.

Bi Hebden akatutazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Mabwana," akasema, "mbona hamvui makoti? Humu kuna joto."

Nikaomba ruhusa kwenda chooni.

Queenie katoa kichwa kwenye ukosi, ananilamba kidevu. Kura kwenye chama chetu ni ya mikono juu, mikono yote miwili ionekane — hiyo nayo niliiandika mimi. Nikiinua mikono atadondoka katikati ya zulia. Nisipoinua, kura haijakamilika, na yule mama anaendelea kukaa pale kama mshtakiwa.

Mlango unagongwa. Ni Lumb, ananong'ona: "Clarence, ukitoka naomba niingie mimi. Huyu ananichana." Nyuma yake nasikia Sykes akisema yeye ndiye aliyetangulia.

Sebuleni Bi Hebden anamwuliza Doreen kama nyumba hii ina mayai mabichi. Na visahani. Vitatu, anasema, kwa kuanzia.

Queenie kasikia kisahani kikigonga meza. Anataka kushuka. Nimeshika komeo, nalifungua.