Gaudensia Anasema Mwanika Nyota Ni Yeye

Naomi, nimejiaibisha! Nimejificha nyuma ya ukumbi wa kanisa, nakurekodia hii.

Si kile kitabu alichoandika marehemu Felisian kimetoka? Leo waliokisoma wamekutana hapa Musoma kukizungumzia. Watu wazima wanamlilia yule msichana anayeanika nyota kwenye mawe mpaka anakufa.

Mchumba wa Felisian, Gaudensia, kasimama na kitenge kipya. "Huyo msichana ni mimi." Eti yeye! Wakampigia makofi.

Mama mmoja akamuuliza, "Mbona anazigeuza nyota jua likiwa kichwani?" Gaudensia akaanza kufunuafunua kurasa. Huyo hajaanika dagaa kwenye mawe hata siku moja!

Nikajikuta nasema kwa sauti, "Zisioze upande wa chini." Hebu fikiria Naomi, mimi! Ukumbi mzima ukanigeukia.

Gaudensia akauliza, "Dada, umekisoma?"

"Sijui kusoma vizuri. Felisian alikuwaga ananisomea nikigeuza dagaa."

Nilitaka aumie. Akakaa, akasema polepole, "Mimi alinikatazaga hata kuligusa daftari alilokiandikia."

Sasa ananitafuta huku nje, anauliza watu nimeelekea wapi. Anataka nimwambie Felisian alikuwaga anasomaje, sauti yake ilikuwaje.

Simwambii, Naomi. Makofi abaki nayo.