Jiwe la Kusagia la Watawa

Jumamosi, jioni

Nilikaribia kughairi, maana asubuhi Mama aliniita nesi tena. Ni mwezi wa tano huu tangu asahau kuwa mimi ni mwanawe. Lakini mvua ilikatika, nikampeleka kwenye yale makumbusho yaliyo ndani ya abasia ya kale, walimoishi watawa. Ni karibu, na hayana ngazi.

Alipita vyungu na funguo bila kuvitazama. Kisha akaliona jiwe ambalo watawa walisagia nafaka. Akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kusaga kwa mikono mitupu, vilevile alivyosaga mtama kwetu Dodoma, mabega yakienda mbele na kurudi nyuma.

Mzee mlinzi akaja mbio. Nikajua tunafukuzwa.

"Ni mama yangu," nilimwambia. "Anaumwa, anasahau."

Akaitazama mikono ya Mama kwa muda. "Basi mwache amalize," akasema.

Nilisikia harufu ya unga. Naapa niliisikia, na moshi wa jiko letu, na…

"Tatu!" Mama akaita bila kuinua kichwa. "Umesimama tu? Lete ungo, baba yako anakaribia kurudi."

Baba tulishamzika zamani. "Abee, mama," nikaitika, nikapiga magoti kando yake, nikakinga viganja.

Kwenye basi alitazama dirishani mpaka karibu na kituo chetu. Kisha akanishika mkono.

"Nesi, wewe una mama?"

"Ninaye," nikamjibu.