Ehe Si Ndiyo

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu anahamia hospitali ya mbali kuanzia tarehe mosi Aprili. Chanzo: mama mkwe, kwa simu, mimi nikiwa na mswaki mdomoni. Eti ahsante sana mwanangu kwa kumkubalia, wanaume wengine wangeleta makuu. Nilishamwamkia. Nikamwamkia tena.

Mwandishi wa habari ni mimi! Na habari ya chumbani kwangu naipata kwa mkwe!

Jioni nikamuuliza mwenyewe. Hakuficha. Anapewa ukuu wa wodi ya wazazi huko. Anasema aliniambia mezani, akanieleza tena garini.

"Sikukubali," nikasema.

"Ulisema ehe."

Ehe si ndiyo! Ehe, nikamwambia, ni "endelea, nipo." Nimewaambia ehe matapeli, nimewaambia ehe wakubwa wanaodanganya mchana kweupe, na sikukubaliana na hata mmoja.

"Kumbe ndiko ulikoniweka, kwa matapeli," akasema. Akaenda kupasi sare.

Jumanne, 4 Machi

Ana dawa. Mshauri wa pale hospitalini huwafundisha ndugu wa wagonjwa: mmoja aseme, mwingine anyamaze. Simu mbali. Hakuna kudakia, hakuna ehe. Kisha aliyenyamaza arudie alichosikia.

Nalipwa kusikiliza tangu sina mvi. Leo nirudishwe chekechea!

Nimekubali. Kwa "ndiyo," ili isije ikawa kesi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumefanya. Sebuleni, televisheni imezimwa. Amesema: wodi haina mkuu, nyumba ipo, binti amalize mtihani kwanza ndipo amfuate. Amechoka kuzungumza na ubavu wangu, kamwe si na uso. Nikarudia yote kwa mpangilio, tarehe na vyeo mahali pake.

Binti akapaza sauti toka jikoni: "Baba anasoma taarifa ya habari!"

Mama yake hakucheka. Umeacha kitu, akasema. Sijaacha kitu! Umeacha la ubavu.

Ni kweli sikulitaja. Nililisikia vizuri sana. Halina tarehe, halina takwimu. Ni maoni. Maoni huwa nakata.

Nikamwambia hivyo hivyo. Amelala chumbani kwa binti.

Ijumaa, 7 Machi

Bonge, mpigapicha wetu, ameniona uso umefura kama andazi, akanichokonoa mpaka nikamweleza.

"Kaka, alipokuwa anakwambia wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa naandika, nikamjibu.

Kacheka mpaka kashika meza. "Ungekataa tu, mzee! Anayekataa angalau kasikia."

Nimemwambia akasafishe lenzi zake. Mpumbavu.

Jumamosi, 8 Machi

Mara ya pili. Ameanza, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kazini huo ndio mtego: watu hawavumilii ukimya, wataujaza wenyewe.

"Usinitegee," akasema. "Mimi si mtuhumiwa wako."

Hapo nikawaka. Kuongea kosa, kunyamaza kosa! Na anaondoka vile vile, mazoezi haya ya nini? Ya kuniaga kistaarabu?

"Nani kakwambia naondoka?"

Mama yako!

"Mama anajua ulikubali. Mimi sijawajibu watu wa hospitali."

 Akaendelea polepole, kama anayempa mgonjwa maelezo ya dawa. Tangu Jumatatu nimemuuliza ni wapi, lini, nani kaamua, mshahara gani, kwa nini mkwe ajue kabla yangu. Nimemuuliza kila kitu isipokuwa kama anataka kwenda.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Mwanagenzi wa wiki ya kwanza angeliuliza hilo!

Nikafungua mdomo niulize. Akainua kiganja.

"Si leo. Leo utaniuliza ili ushinde."

Wanataka jibu lake Jumatatu, saa nne asubuhi. Kesho yuko zamu. Amesema nimfuate getini kwa hospitali saa kumi jioni, turudi kwa miguu, nimuulize njiani, na gari niliache nyumbani.