Onja Kwanza, Ndipo Umpe

Kamwene, mume wangu Baraka!

Huku Igowole baridi inauma, lakini ng'ombe wa mama yako kazaa, na mimi bibi yako barua yako imenifurahisha hadi nimeunguza maharage!

Unasema hapo chuoni Mbeya mmepewa meza ya togwa na maji kantini, ila wanafunzi wanaipita tu kwenda kwenye soda, na isipochangamka mtanyang'anywa. Unauliza uwaambie nini.

Usiwaambie kitu! Kaka yangu alipooa, kwaya nzima ilikuja kwetu, mama akawatangazia kwamba soda inaozesha meno. Weee! Vijana wote wakakimbilia kreti. Basi mimi nikakihamishia chungu cha togwa mlangoni, wanapopita wakitoka kucheza na makoo yamekauka. Nikachota, nikaonja mbele yao kama tunavyofanya siku zote kumtoa mgeni wasiwasi, nikampa kikombe mpiga ngoma. Kikombe ulichoonjewa unakikataaje? Akanywa, akajilamba, akampa mwenzake. Soda hakuna aliyeigusa tena, na hakuna aliyeikataza. Chungu kilikauka, Baraka!

Kwa hiyo sogezeni meza yenu mlangoni. Mimina, onja, mpe wa kwanza anayeingia, halafu nyamaza.

Kesho yake yule mpiga ngoma alirudi kwetu, eti anaulizia togwa. Ukija likizo, muulize babu yako kama kweli alikuwa na kiu.

Bibi yako