Zamu ya Kisima

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mwenye nguvu za kupanda ngazi za hilo bweni unalolilalamikia. Mimi nipo, napumua, na mchanga napumua nao. Barua yako niliisomea kwenye kivuli cha tangi, nikacheka peke yangu uliposema mwalimu wenu wa umeme anaziogopa nyaya kuliko ninyi.

Umeniuliza kwa nini sijarudi chuoni. Nilikuja likizo, nimemaliza mwaka wa kwanza wa ufundi mitambo, nikakuta injini ya kisima imekufa na watu wanagombania maji ya mwisho. Niliifungua, nikaifunga, ikawaka. Wanawake walipiga vigelegele, baba akanishika mkono mbele za watu. Siku hiyo nilijiona mtu. Kumbe nilikuwa najifungia mlango mwenyewe.

Tangu hapo naitwa Fundi. Wananiletea redio, cherehani, na jirani yetu mzee aliniletea meno yake ya bandia akidai yanalegea. Injini yenyewe ni kuukuu, isipoguswa siku chache inagoma, na katika jangwa hili ikigoma hatuna pa kukimbilia. Niliwafundisha binamu zetu wawili. Walipojua kufungua nati tu, wakadandia lori la mafuta, wakaenda kutafuta kazi mjini. Mimi nikibeba begi, madereva wa malori wananiambia kwa upole kwamba baba amekataza, na wao pia wanakunywa maji ya kisima hicho hicho. Baba amenijengea chumba kilichogusana ukuta na injini. Nimechoka, mdogo wangu. Kijiji kizima kinanipenda, nami nakichukia.

Sasa sikiliza. Juzi baba aliniita, akanimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema anaona ninavyoteseka, na chuo bado kitanipokea muhula ujao. Yuko radhi niende, mradi wewe uje. Nikamwambia wewe unasoma umeme, si injini. Akajibu kwamba fundi ni fundi, tena msichana hadandii malori. Atakupigia simu, atakwambia mama ni mgonjwa na anakuita. Ukishafika, madereva watajua la kufanya.

Nikwambie ukweli, ingawa unanichoma. Nilikubali. Nilikubali kabla chai haijapoa, nikaenda chumbani kupanga nguo kwenye begi, na mluzi nikapiga. Mama akanikuta. Hakunilaumu, alianza kunikunjia mashati huku machozi yanamtoka, kisha akauliza kama kitanda kile kitakutosha wewe, au akutafutie kingine. Alipotoka nilizirudisha nguo zote sandukuni.

Mama haumwi. Hata mafua hana. Baba akipiga simu akalia, mwache alie. Likizo hii usije, na ijayo usije. Barua hii nimempa nesi anayehamishwa, maana yeye lori linambeba bila maswali.

Nisalimie wenzako wa bweni, na ufanye mtihani wako vizuri. Nakupenda kuliko ninavyotamani kuondoka hapa, lakini tofauti yenyewe ni ndogo, kwa hiyo usije ukanijaribu.

Ni mimi kaka yako,
Fundi