Thelathini na mmoja "waliohama"

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unakumbuka wale wanafunzi thelathini na mmoja walioacha shule, mwalimu mkuu akaniambia niwaandike wote "wamehama" ili tusionekane vibaya? Leo mkaguzi kaja. Kaishika ile orodha, kachagua namba ya mzazi mmoja, kapiga. Na kaweka spika!

Mama wa watu akajibu bila wasiwasi: "Ahame aende wapi? Binti yangu yuko hapa anafua. Darasani walikuwa tisini, miaka sita hata kusoma hajui, akachoka."

Akachoka, shoga!

Mkaguzi akauliza, "Nani kaandika hii?" Nikamtazama mwalimu mkuu. Naye akaikodolea macho orodha kama vile ndiyo kwanza anaiona: "Sahihi ni ya mwalimu wa takwimu."

Mimi! Yaani mimi!

Sasa nimewekwa stoo ya vitabu niandike maelezo. Mwalimu mkuu kaja kuninong'oneza, "Sema ulikosea, nitakulinda."

Nimeandika neno moja tu: "Niliagizwa." Na yeye kasimama mlangoni, kanyoosha mkono, anasubiri nimpe karatasi.